Mji mdogo wa kustaafia: uchague kwa miguu ya miaka themanini

Watu wengi huchagua mji wa kustaafia kama wanavyochagua hoteli. Walikwenda likizo wiki moja, hali ya hewa ilikuwa nzuri, mwenye mgahawa akawazoea, wakapita mbele ya ofisi ya dalali na kuona bei dirishani. Wakapiga hesabu papo hapo: tukiuza nyumba ya mjini tunanunua hii na chenji inabaki. Miaka mitatu baadaye mmoja wao anahitaji kumwona daktari wa moyo kila mwezi, na daktari wa moyo yuko mwendo wa saa mbili.

Mwongozo huu unaanzia upande wa pili. Tutaanza na siku mbaya, kisha pesa, kisha mji wenyewe, na nyumba itakuja mwisho kabisa. Sababu ni kwamba atakayeishi huko muda mrefu zaidi siye wewe wa leo, mwenye funguo za gari mfukoni na mwenzi pembeni. Ni mtu wa miaka themanini, labda peke yake, ambaye pengine ameacha kuendesha. Yeye ndiye mpangaji halisi. Kila hatua hapa chini, muulize yeye kwanza.

Mwaka 1987 watafiti wawili wa Marekani, Eugene Litwak na Charles Longino, walieleza kwamba wazee wanaohama huwa na hamahama tatu. Ya kwanza ni pale mtu anapostaafu, ana nguvu na ana pesa, anakwenda panapopendeza. Ya pili ni pale mwili unapoanza kugoma, au mwenzi anapofariki, na mtu anarudi karibu na watoto au ndugu. Ya tatu ni ya kwenda mahali pa kutunzwa muda wote. Kila kuhama kunakula pesa: ada za dalali, gharama za kuhamisha hati, lori la vyombo. Marafiki pia wanaachwa, na hao hawapatikani dukani. Kwa hiyo mji mzuri wa bei nafuu, kwa hesabu yangu, ni ule unaoichelewesha hamahama ya pili kadiri inavyowezekana, au kuifuta kabisa.

Hatua ya 1: Andikeni orodha, kila mtu kivyake

Kabla ya ramani, chukueni karatasi mbili. Kama ni mume na mke, kila mmoja akae chumba chake aandike majibu ya maswali haya: Nikianguka bafuni saa nane usiku, nani anaweza kufika ndani ya saa moja? Mwenzangu akitangulia, nitabaki hapa au nitaondoka? Kitu gani nikikikosa kwa miezi mitatu nitaanza kulalamika? Halafu mbadilishane karatasi.

Msikilizane bila kucheka. Wapo watu waliokubaliana kuhusu kijumba cha kando ya ziwa kwa miaka ishirini, kumbe kila mmoja alikuwa anakubali ili asimvunje moyo mwenzake. Ni afadhali kulijua hilo mezani kuliko kulijua mkiwa mmeshahama.

Anayeishi peke yake na afanye zoezi hilihili na mtoto, ndugu au rafiki ambaye jina lake litaandikwa kwenye fomu za hospitali. Huyo ana haki ya kusema atafika mara ngapi kwa mwaka, na kwa usafiri gani. Jibu la «nitakuja mara kwa mara» halihesabiki. Ombeni idadi.

Hatua ya 2: Jueni mji mnaoweza kuulipia kwa miaka thelathini

Gawanyeni pesa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kipato kinachoingia hadi mwisho wa maisha: pensheni na malipo yanayofanana nayo. La pili ni akiba, ambayo huisha.

Kwa akiba, kipimo kinachotajwa sana ni asilimia 4. Kilitokana na hesabu za mshauri wa fedha William Bengen mwaka 1994. Alipitia historia ya soko la Marekani na kuona kwamba mtu aliyetoa asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kiasi hicho kila mwaka kufuatana na mfumuko wa bei, akiba yake, iliyogawanywa kati ya hisa na hatifungani, ilidumu angalau miaka 30. Kitumieni kama kamba ya kupimia tu, kwa sababu kinategemea soko lile na mchanganyiko ule wa uwekezaji. Mwenye akiba yote benki kwenye akaunti ya kawaida hana budi kuwa mwangalifu zaidi.

Kisha kuna mfumuko wa bei. Gawanyeni 72 kwa asilimia ya mfumuko, mtapata takriban miaka ambayo bei zitachukua kuongezeka maradufu. Bei zikipanda asilimia 4 kwa mwaka, ni miaka 18. Zikipanda 6, ni 12. Aliyestaafu na miaka 62, kwenye mji ambao pensheni yake inatosha kabisa bila kubaki chochote, atakuwa na miaka 74 siku atakapohitaji pesa mara mbili kwa maisha yaleyale. Ndiyo maana nashauri bajeti ya mwaka wa kwanza isizidi robo tatu ya kipato. Robo inayobaki ni ya mfumuko wa bei, na ya yule mtu wa miaka themanini.

Sasa orodhesheni matumizi ya mji mnaoutaka kwa mistari: nyumba, afya na bima, usafiri, umeme na kupasha au kupooza nyumba, chakula, kodi za serikali, matengenezo. Halafu ongezeni mstari ambao karibu kila mtu huusahau, yaani safari za kwenda kuwaona wajukuu. Mji ambao kodi ya nyumba imeshuka kwa theluthi lakini uko mbali na uwanja wa ndege, huku watoto wako nchi nyingine, unaweza kuwa ghali kuliko mnakotoka.

Mstari wa usafiri nao hudanganya. Kwenye miji midogo nyumba hushuka bei na gari hupanda cheo. Mjini mlikuwa na gari moja na basi, huku mtahitaji gari mbili, au moja na uvumilivu mwingi.

Hatua ya 3: Hospitali, kwa saa na kwa kilomita

Hapa ndipo ningetumia nusu ya muda wote wa utafiti.

Usiulize «je, kuna hospitali?» Kila mji una jengo lenye bango. Uliza kwa saa. Kiharusi kinachotokana na damu kuganda kwenye ubongo kina dawa ya kuyeyusha damu hiyo, na kwa kawaida dawa hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kabla ya kuitoa, lazima ubongo upigwe picha ya CT ili kuhakikisha kwamba tatizo siyo mshipa uliopasuka, maana kwa mgonjwa wa namna hiyo dawa hiyo ni hatari. Sasa hesabu: nusu saa mpaka mtu agundue kwamba mdomo wa mwenzake umepinda na mkono umelegea, nusu saa gari la wagonjwa lifike, saa moja na nusu barabarani, kisha foleni ya mapokezi, picha na daktari wa kuisoma. Kwenye ramani mji ulionekana «karibu tu na hospitali kubwa». Kwenye saa, umebaki na dakika za kuhesabu. Na hiyo ni endapo mgonjwa hakuamka na dalili hizo asubuhi bila yeyote kujua zilianza saa ngapi.

Kwa mshtuko wa moyo, saa inakimbia hivyohivyo, kwa sababu mshipa ulioziba unatakiwa kufunguliwa mapema. Kituo chenye uwezo huo hakipo kila mahali.

Dharura ni upande mmoja tu. Upande wa pili ni maradhi yasiyo na haraka lakini yanayorudi kila wiki. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida huenda mara tatu kwa wiki, na kila mara hukaa kitini kama saa nne. Kituo kikiwa kilomita 60 kutoka nyumbani, ni kilomita 120 kwenda na kurudi, mara 156 kwa mwaka: kilomita 18,720. Ni karibu nusu ya mzunguko wa dunia, kila mwaka, kwa mtu aliyechoka na ambaye huenda haendeshi tena.

Kwa hiyo pigeni simu. Siyo kwa dalali, kwa hospitali yenyewe, na muulize:

Mashine ya CT ipo, na usiku inafanya kazi? Daktari wa kawaida wa familia anapokea wagonjwa wapya, au orodha imejaa? Wagonjwa wa figo, saratani na macho hutibiwa hapa au huhamishiwa wapi? Bima yangu mnaipokea?

Swali la pili ndilo linaloumbua miji mingi. Kuna mahali zahanati ni nzuri, safi, na daktari ni mmoja ambaye naye anakaribia kustaafu.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo mpaka kati ya mji mdogo na kijiji kikubwa ulipo. Mji mdogo unaofaa ni ule ambao wilaya nzima hutegemea hospitali yake, au wenye chuo kikuu kinachofundisha udaktari na uuguzi. Miji ya vyuo ina faida nyingine pia. Mabasi yapo kwa sababu wanafunzi hawana magari, maktaba inafunguliwa jioni, mihadhara na tamasha ni za bei ndogo. Kelele za Ijumaa usiku mtazizoea, au mtachagua mtaa wa pili.

Hatua ya 4: Ulizeni kwa nini ni rahisi

Bei ya chini huwa na sababu. Kazi yenu ni kuijua kabla hamjalipa.

Zipo sababu nzuri. Mji hauna ufukwe, haujawahi kuandikwa popote, treni ya mwendo kasi haifiki, umekaa katikati ya mashamba saa moja na kitu kutoka jiji kubwa. Hizo ni sababu za kumfurahisha mstaafu, maana kinachopandisha bei ni haraka za watu wanaowahi kazini kila asubuhi, na yeye hawahi popote.

Zipo pia sababu mbaya, na mbaya kuliko zote ni mji unaokufa. Mfano unaojulikana ni Yubari, kisiwani Hokkaido nchini Japani. Ulikuwa mji wa makaa ya mawe wenye watu zaidi ya laki moja mnamo 1960. Migodi ikafungwa, vijana wakaondoka, halmashauri ikakopa ili kuwekeza kwenye utalii, na mwaka 2007 mji ulitambuliwa rasmi kuwa umefilisika. Hospitali ya vitanda 171 ikawa kliniki ya vitanda 19. Shule zikaunganishwa. Huduma zikapunguzwa na wakati huohuo wakazi wakatozwa zaidi.

Lile la mwisho si bahati mbaya, ndivyo mambo yanavyokwenda. Bomba la maji lina urefu uleule hata nusu ya nyumba zikihamwa. Barabara inahitaji lami ileile. Wanaolipa wamepungua, gharama haijapungua, basi kila aliyebaki anabeba kipande kikubwa zaidi. Mtu aliyenunua nyumba kwa bei ya kutupwa anajikuta analipia bomba la jirani aliyehama.

Dalili zake mtaziona kwa macho. Shule ya msingi imefungwa au madarasa yameunganishwa. Ratiba ya basi kituoni ina mistari iliyofutwa. Maduka ya barabara kuu yana karatasi za kahawia madirishani. Tawi la benki limebaki mashine tu. Moja peke yake siyo neno. Tatu kwa pamoja, uacheni mji huo, muendelee na safari.

Zile nyumba za euro moja za Italia zina mantiki hiyohiyo. Vijiji na miji midogo iliyopungukiwa na watu hutoa nyumba mbovu kwa bei ya jina, na mnunuzi huweka dhamana na kuahidi kuikarabati ndani ya muda uliowekwa, mara nyingi miaka mitatu. Euro moja ni mlango tu. Mafundi, vibali, paa na ngazi za mawe ndiyo bei. Kwa mtu wa miaka 40 anayependa nyundo, sina neno. Kwa mstaafu, muulizeni yule wa miaka themanini kama anataka kupanda kichochoro cha mawe na mfuko wa saruji.

Sababu ya tatu ni hatari ya asili. Mji wa Paradise, jimbo la California, ulipendwa na wastaafu kwa sababu nyumba zake zilikuwa nafuu kuliko za pwani na misitu ilikuwa mlangoni. Tarehe 8 Novemba 2018 moto wa msituni uliuteketeza karibu wote. Watu 85 walikufa katika moto ule, wengi wao wazee. Barabara za kutoka zilikuwa chache na zikajaa magari. Kabla ya kuhamia mji wowote, tazameni ramani za mafuriko, moto na tetemeko, hesabuni barabara za kutokea, kisha ombeni bei ya bima ya nyumba kutoka kampuni mbili. Kampuni ikikataa kuikatia bima nyumba hiyo, imeshawajibu.

Hatua ya 5: Kodi na mipaka

Kama mnabaki nchini mwenu, hatua hii ni fupi: kodi ya majengo ni kiasi gani, na kuna punguzo kwa wazee? Basi.

Kama mnavuka mpaka, punguzeni mwendo. Pensheni ya serikali ya Uingereza, kwa mfano, hupandishwa kila mwaka kwa mstaafu anayeishi Marekani au nchi za Umoja wa Ulaya, lakini kwa aliyehamia Kanada au Australia hubaki palepale ilipokuwa. Rudini kwenye ile hesabu ya 72 mwone maana yake baada ya miaka 18. Medicare, bima ya wazee ya Marekani, kwa kawaida hailipi matibabu nje ya nchi hiyo.

Tena, msihamie nchi kwa sababu ya nafuu ya kodi peke yake. Ureno ilianzisha mpango wake wa kuvutia wakazi wapya mwaka 2009, ambapo pensheni kutoka nje zilisamehewa kodi. Mwaka 2020 wakaweka asilimia 10 kwa wanaoingia, na mwaka 2024 mlango ukafungwa kwa waombaji wapya. Malaysia nayo, kupitia mpango wa makazi ya muda mrefu ulioanza 2002, ilisimamisha maombi 2020 na kurudi 2021 na masharti makali zaidi. Serikali zina haki ya kubadili sheria, na zitabadili. Mji uwe umependeza hata kodi ikirudi kuwa ya kawaida.

Hatua ya 6: Nendeni wakati usiopendeza, na muache gari

Mmebakiwa na miji miwili au mitatu. Nendeni. Lakini kama mji unasifika kwa kiangazi, nendeni majira ya baridi, na kama ni wa mvua, nendeni mvua ikinyesha. Mji wa kitalii hutoa picha zake nzuri miezi minne, na mingine minane mgahawa umefungwa, basi linapita mara mbili kwa siku, na nusu ya madirisha mtaani ni giza kwa sababu wenye nyumba wako kwao.

Siku ya kwanza fanyeni hivi. Mmoja abebe mfuko wenye kilo tano, atoke mahali mnapofikiria kuishi, aende kwa miguu mpaka duka la dawa, kisha duka la vyakula, kisha kituo cha basi, na kurudi. Asiwe na haraka. Ahesabu benchi. Ahesabu vyoo vya umma vilivyo wazi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa miji rafiki kwa wazee mwaka 2007, baada ya kuzungumza na watu katika miji 33 ya nchi 22, benchi na vyoo vilikuwa miongoni mwa mambo ambayo wazee wenyewe waliyataja. Kijana anayepanga miji hafikirii choo. Mtu wa miaka themanini huanza nacho, na akikosa uhakika wa choo, hatoki nyumbani.

Mkifika kwenye taa za kuvukia barabara kuu, simameni. Msivuke. Tazameni tu. Nchini Uingereza taa za waenda kwa miguu zimezoeleka kupimwa kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, na kwingine vipimo haviko mbali na hapo. Barabara ya mita 12, kwa mwendo huo, ni sekunde 10. Mzee anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde anahitaji 15. Sekunde tano za tofauti, yuko katikati ya barabara na magari yameshaanza kuunguruma. Msubirini mzee yeyote avuke, muone anafika au anakimbizwa. Utafiti huu haugharimu senti.

Kisha mwinuko. Njia ya kiti cha magurudumu, kwa kipimo kinachotumika sana, haitakiwi kupanda zaidi ya sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za mwendo. Mitaa mingi ya miji mizuri ya milimani imezidi hapo. Mandhari ya kupendeza maana yake ni kilima, na kilima mtakipanda kila siku, mkiwa na mfuko.

Miinuko mikubwa nayo ina habari yake. Cuenca, mji wa Ecuador unaopendwa na wastaafu wa kigeni, uko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nzuri, lakini oksijeni ni pungufu, na mwenye shida ya moyo au mapafu aongee na daktari wake kabla ya kukata tiketi. Joto pia msilidharau. Wimbi la joto la mwaka 2003 liliua watu wapatao 15,000 nchini Ufaransa, wengi wao wazee, na baadhi yao walikuwa peke yao ndani ya nyumba. Mkikagua nyumba, ulizeni chumba cha kulala kinakuwaje saa kumi jioni siku ya joto kali.

Jioni tokeni tena, saa moja na saa tatu. Nani yuko nje? Taa zinawaka? Kaeni kwenye benchi mliyoihesabu mchana, muone kama yupo wa kuwasalimu.

Hatua ya 7: Pangeni nyumba mwaka mzima

Msinunue. Najua dalali atasema nyumba hii haitasubiri. Ikiondoka iende. Kwenye miji midogo kununua ni kwa wiki mbili na kuuza kunaweza kuchukua miaka, kwa sababu wanunuzi ni wachache. Anayekosea akiwa mpangaji amepoteza kodi ya miezi kadhaa. Anayekosea akiwa mmiliki amefungwa mguu.

Pangeni miezi kumi na miwili ili muone majira yote. Nyumba ya mlikotoka mpangisheni mtu, msiiuze bado, kama hesabu zinaruhusu. Kwa mwaka huo wekeni daftari jikoni, muandike kila senti, kisha mwisho wa mwaka muliweke kando ya orodha ya hatua ya 2. Mstari wa nishati na mstari wa safari ndiyo huwa imezidi.

Baada ya hapo, nyumba. Maneno machache, maana mkifika hapa mmeshafanya kazi ngumu. Chumba cha kulala na bafu viwe ghorofa moja na mlango wa kuingilia. Milango iwe na upana wa kupitisha kiti cha magurudumu, sentimita 80 au zaidi. Bafu liwe na ukuta unaoweza kubeba vishikizo. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, kati ya asilimia 28 na 35 ya watu wenye miaka 65 na zaidi huanguka kila mwaka, na bafu lenye kizingiti cha kuruka ni mtego. Kama ni ghorofani, muulize lifti iliharibika lini mara ya mwisho na ilichukua siku ngapi kutengenezwa. Muulizeni mpangaji wa ghorofa ya nne, si mwenye jengo. Ombeni pia kuona akaunti ya mfuko wa matengenezo wa jengo. Mfuko mtupu ni deni lenu la kesho.

Hatua ya 8: Wiki za kwanza

Jiandikisheni kwa daktari kabla hamjaumwa, na muombe kliniki ya zamani iwape nakala za mafaili, orodha ya dawa kwa majina yake ya kitaalamu, na dozi, kwa kuwa jina la kibiashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Peleka wosia na hati ya kumpa mtu mamlaka ya kuamua kwa niaba yako kwa mwanasheria wa huko aseme kama zinakubalika. Jitoleeni mahali pamoja panapokutana kila wiki, siku ileile: kwaya, maktaba, bustani ya mtaa, chochote. Hudhurieni hata siku ambayo hamna hamu, kwa sababu mgeni hutambuliwa kwa kurudi.

Na funguo ya akiba ya nyumba mpeni jirani wa upande wenye dirisha linalotazama mlango wenu. Mkubaliane kitu kidogo cha kuonekana kila asubuhi, pazia likifunguliwa au taa ya barazani ikizimwa, na saa ambayo kisipoonekana yeye atavuka kuja kugonga.